Watatu wa Chumba cha Jinzi

Jinzi mpya ina harufu yake, na nadhani ni wachache wanaoijua kama ninavyoijua mimi. Sisemi ile ya dukani, ambako nguo imeshapigwa pasi na kutundikwa. Nasema ile ya katoni inapopasuliwa kwa mara ya kwanza: rangi ya buluu ambayo bado mbichi, plastiki, wanga, na ukali fulani unaopanda puani hadi machoni. Juzi nilikuwa Mombasa, nikapita mbele ya stoo ambako vijana walikuwa wakifungua mzigo, na harufu ile ikanisimamisha barabarani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Kidole gumba cha mkono wangu wa kulia kilikuwa kikicheza chenyewe kwenye mkanda wa mkoba.

Nimekulia Guangzhou, katika miaka ile ambayo ilionekana kama kila mtu nyumbani ama alikuwa ameshakwenda China au alikuwa akijiandaa kwenda. Tuliishi ghorofani mtaa wa Xiaobei, katika nyumba ya vyumba viwili na nusu, na hiyo nusu ndiyo ninayotaka kuwasimulia. Baba alikuwa akiwapeleka wanunuzi Xintang kwenye viwanda vya jinzi, kisha akihakikisha kontena zao zimefika bandarini Nansha salama. Sampuli na mabaki ya oda aliyarundika katika kile kijichumba mpaka yakagusa dari. Nguo nyingi namna ile humeza sauti. Ungeweza kupiga kelele mle ndani na jirani asikusikie, na ndiyo maana wazazi wangu walikifanya kuwa chumba cha kuimbia.

Walikuwa watatu. Mama alishika sauti ya juu. Baba aliimba besi, ingawa mara nyingi aliiacha katikati akaenda dirishani kuangalia mvua, kisha akarudi na kudaka ubeti wa mwisho kana kwamba hakuwa ametoka. Wa tatu alikuwa Mama Mdogo Saru, mdogo wake mama, aliyekuwa akisomea uhandisi wa madaraja kwa ufadhili. Yeye ndiye aliyepiga gitaa. Mimi nilikaa juu ya furushi la jinzi, miguu ikining'inia, nikiwa msikilizaji pekee na mkali.

Nyimbo zile zilianzia kwenye kaseti. Babu, baba yake baba, alikuwa nayo kwetu milimani Taita, na baba alipoondoka nyumbani aliibeba ndani ya soksi. Mle kulikuwa na sauti za familia moja ya zamani ya Amerika, watu wa milimani kama sisi: mume, mkewe, na binamu ya mkewe. Kwa maelezo ya baba, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuimba nyimbo za shamba na za kanisani mbele ya mashine ya kurekodi, familia nzima pamoja, bila mapambo. Yule mume alikuwa akizunguka mabondeni akigonga milango, akiwaomba watu nyimbo walizoachiwa na mama zao. Alitembea na rafiki yake Mweusi, mpiga gitaa, na wawili hao waligawana kazi: mmoja alishika maneno, mwenzake alishika tuni. Yule binamu naye alipiga gitaa kwa namna iliyomfanya baba atikise kichwa kila mara, kidole gumba kikitembeza tuni kwenye nyuzi nene huku vidole vingine vikipangusa zile nyembamba kutoa mdundo. Ukisikia bila kuona, utaapa wako wawili.

Baba alipenda nyimbo zao, lakini alichokipenda zaidi ni ile kazi ya kugonga milango. Aliamua kuifanya Guangzhou. Kila mnunuzi aliyempeleka Xintang aliombwa wimbo. Wanafunzi wa Kizanzibari waliombwa bembelezo za bibi zao, Wakongo waliombwa nyimbo za reli na za migodini, na mchungaji mmoja kutoka Kisumu alikuja kununua suruali akajikuta anaimba ndani ya basi mbele ya Wachina waliokuwa wamelala. Baba hakuandika hata neno. Aliuimba wimbo kimoyomoyo njia nzima, na akifika nyumbani alikuwa haamkii mtu. Alipita mlangoni midomo imebanwa, akinyoosha mkono kama anayebeba maji yasimwagike, mpaka aukabidhi kwa Mama Mdogo na gitaa lake. Hapo ndipo aliposema, "Habari za nyumbani."

Wimbo nilioupenda kuliko yote aliupata kwa Maman Véro. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mikoba kutoka Lubumbashi, aliyekodi chumba ghorofa ya chini yetu kila alipokuja kununua mali. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti nyembamba, na Kiswahili chake kilikuwa na Kifaransa humo ndani kama zabibu kwenye mkate. Wimbo wake ulimhusu mama anayemngoja mwanawe aliyepanda treni ya kwenda migodini. Kila jioni anaosha sufuria na kuipasha tena. *Treni imepita, moto haujazima. Sufuria iko safi, njoo ule.* Basi, hakuna zaidi. Mama alipouimba, hata mashine za kushona za jirani zilionekana kunyamaza.

Waliimba kwenye ibada za Jumapili, kwenye sherehe za wanafunzi, na mara moja kwenye harusi ya Mkenya na Mkongo ambako wageni waligombana kuhusu wimbo ni wa nani. Kwenye mahafali ya wanafunzi ndipo Bwana Liang alipowasikia. Alikuja kukodisha spika, mzee mwembamba mwenye miwani ya kufungwa kwa waya, na baada ya sherehe alimfuata baba akamwambia kwa Kichina kwamba anacho chumba cha kurekodia, na angependa kuwarekodi kama walivyo, mikrofoni moja katikati. Ila wafanye haraka. Ukutani kwa jengo lake tayari palikuwa pamechorwa ile herufi nyekundu ya kubomoa, na miaka ile, herufi hiyo ikishachorwa, jengo halikuwa na muda. Waliafikiana wakutane siku ya Jumamosi, mwisho wa mwezi uliofuata.

Kisha mambo mawili yakatokea, moja baada ya jingine.

La kwanza, chuo kilimpeleka Mama Mdogo Wuhan kwa mafunzo ya kazini kwenye daraja. Hakuwa na uwezo wa kukataa. La pili lilikuwa la mama. Alikuwa amepata kazi Shiling, kwenye mji wa mikoba, kukagua oda za wanunuzi wa Kiafrika kabla hazijafungwa: anavuta zipu, anapinda ngozi, anahesabu mishono. Mwanzoni alikwenda na kurudi. Halafu akawa anarudi mwisho wa juma tu. Halafu, alasiri moja tukianika nguo pamoja kwenye roshani, akaniambia, bila kupandisha wala kushusha sauti, kwamba yeye na baba hawatakaa tena nyumba moja. Walikuwa wamezungumza kwa muda mrefu. Hawakugombana juu yangu, na wala hakuna atakayeniacha. Nikamuuliza kama atakuja kwenye kurekodi. Alibana shati la baba kwenye kamba, akalinyoosha mikono, akasema hakuna cha kurekodi bila Saru.

Sijui watoto wengine hulia vipi. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi, na nilikwenda nikakaa juu ya furushi langu nikafanya mpango. Kama tatizo lilikuwa gitaa, basi gitaa lingepatikana.

Mama Mdogo alikuwa amebakisha juma moja tu kuondoka. Nilimwambia anifundishe. Alinitazama vidole, akavipima na shingo ya gitaa, na nashukuru mpaka leo kwamba hakucheka. "Gumba ndiye anayeongea," alisema. "Hawa wengine wanamwitikia tu. Wakianza kuongea wote, hakuna atakayesikia." Aliniwekea wimbo wa sufuria pekee, akasema nikiuweza huo nitajua njia ya kwenda kwenye mingine. Siku aliyopanda treni aliniachia gitaa, na mfuko wake wa turubai wenye zipu iliyokwama.

Nilipiga kila siku baada ya shule, peke yangu kati ya jinzi. Ncha za vidole vya mkono wa kushoto ziliota malengelenge, yakapasuka, yakaota tena. Shuleni mwalimu wangu wa maandishi alilalamika kwamba herufi zangu zinatetemeka, maana gumba la kulia nalo lilikuwa limechoka. Vidole vyangu vilikuwa na rangi ya buluu kutokana na furushi, na vyekundu chini ya ile buluu. Gumba lilikuwa na kiburi chake. Nikiliambia litembee peke yake, wengine wote walifuata kwa pamoja kama watoto wanaokimbilia gari. Baba alirudi kutoka Xintang, akasimama mlangoni akisikiliza, kisha akaenda jikoni. Siku moja tu, akimenya vitunguu saumu, alianza kunisimulia ya familia ile ya kaseti, habari ambayo hakuwahi kunipa. Yule mke, alisema, mwishowe aliondoka nyumbani kwa mumewe. Waliendelea kukutana ili kuimba, wakarekodi nyimbo nyingi tu wakiwa hawaishi pamoja.

Alikuwa akiniambia jambo, na alilichagua kwa uangalifu. Mimi nilisikia neno moja: waliendelea.

Wimbo ulipokaa mkononi, nilishuka ghorofa moja nikagonga kwa Maman Véro. Nilijua kesho yake, Jumamosi, angekwenda Shiling kuona mikoba yake. Nilimwomba anichukue. Alikuwa akikunja mablanketi kwenye mfuko wa safari, na hakuinua kichwa.

"Shiling si promenade, mutoto," alisema. "Kule banaendaka batu ya kazi. Weye uko na kazi gani kule?"

Nikamwambia naenda kumpigia mama gitaa ili akubali kurekodi. Hapo akaacha mablanketi. Akaketi kitandani, kitanda kikalalamika, akaweka mikono magotini.

"Piga ya kwangu kwanza."

Nilipiga. Nilikosea mwanzo, nikasimama, nikaanza upya bila kuomba ruhusa. Alisikiliza hadi mwisho, akiwa amefumba macho, na midomo yake ikitamka maneno bila sauti. Ule ulikuwa wimbo wa mama yake. Baba alikuwa ameniambia hivyo. Alipofumbua macho alijipangusa pua kwa kiganja, akarudia mablanketi yake.

"Bon," alisema. "Kesho asubui. Na ukule mbele ya kutoka, maana sitaki mutoto wa njaa mu bisi."

Aliyempigia baba simu ni yeye. Baba alikuwa Nansha, kati ya makontena, na kwa jinsi Maman Véro alivyoisogeza simu mbali na sikio, nilisikia upepo na king'ora cha kreni. Baba akauliza kama gitaa lina mfuko, kwa sababu kungenyesha.

Kulinyesha kweli. Tulipanda basi la Huadu, kisha basi dogo la Shiling, gitaa likiwa limesimama katikati ya magoti yangu kama abiria wa tatu. Bibi mmoja wa Kichina aligusa nywele zangu, akauliza natoka wapi, na nilipomjibu kwa lafudhi ya palepale Guangzhou alicheka mpaka akakohoa, akanipa chungwa. Shiling yenyewe ilinukia gundi na ngozi. Njia zilijaa mikokoteni ya mabegi yaliyofungwa kwa plastiki, na kila mlango ulikuwa na mtu anayeshona, anayegonga au anayebandika.

Tulimkuta mama kwenye ghorofa ya pili ya karakana, amesimama mezani, ameshika mkoba mwekundu akiufungua na kuufunga zipu. Mwenye karakana, ambaye kila mtu alimwita laobani, yaani bosi, alikuwa kando yake akieleza kwa nini kasoro si kasoro. Mama aliniona, akamaliza kwanza ule mkoba. Aliuweka kwenye rundo la kurudishwa. Ndipo akaja kwetu.

Maman Véro alimwambia kwa kifupi kwamba ameleta mtu wa kazi, akaenda kutazama mali yake. Mama akanitazama, akalitazama gitaa, akanitazama tena. Kulikuwa na marobota ya ngozi kwenye ngazi. Niliketi juu ya moja, nikatoa gitaa mfukoni kwa shida kwa ajili ya ile zipu, na nikapiga. Cherehani hazikunyamaza, hata moja. Nilipiga kwa nguvu ili gumba lisikike, na nilipofika ubeti wa pili mama akaanza kuimba, kwa sauti ndogo, mikono bado imefungwa kifuani. Aliimba mpaka mwisho.

Alichukua mkono wangu wa kushoto akaugeuza. Aliviangalia vidole kimojakimoja kama alivyokuwa akiangalia mishono.

"Nitakuja kurekodi," alisema. "Kurekodi, Wakio. Umenisikia? Sitarudi nyumbani."

Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia nusu, ile niliyoijia.

Jumamosi ya kurekodi tulikwenda sisi watatu, mama akitokea kaskazini kwa basi lake, mimi na baba tukitokea Xiaobei. Jengo la Bwana Liang lilikuwa tayari nusu tupu. Ghorofa ya chini palikuwa na duka la saa ambalo limebaki rafu tu. Chumba chake kilikuwa na mazulia ukutani na mikrofoni moja iliyoning'inia kwenye waya, na alitupanga kama anayepanga maua: mimi kwenye kiti kirefu, mama kushoto, baba kulia. Alivaa visikio vyake akasema wale wawili wako mbali. Wakasogea. Akasema bado. Wakasogea tena, mpaka bega la mama likagusa mkono wa baba, nami nikaona kwamba mpango wangu unafanya kazi.

Nikaanza kupiga, nikakosea. Bwana Liang akasema "zai lai", yaani tena. Nikaanza, nikakosea palepale. Zai lai. Kila tulipofika ubeti wa pili macho yangu yalipanda yenyewe kuangalia kama wanatazamana, na gumba likapotea njia. Nje palianza kusikika nyundo za wabomoaji kwenye jengo la jirani, na Bwana Liang akatazama dirisha kwa wasiwasi. Baba aliweka mkono begani kwangu, akauondoa. Mama ndiye aliyeinama, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Wakio," alisema, "usituangalie sisi. Angalia nyuzi."

Sikumbuki maneno mengine katika utoto wangu yaliyonichoma namna ile. Nilitaka kulitupa gitaa. Badala yake nilikaza meno, nikateremsha macho kwenye zile nyuzi nene, nikalifuata gumba langu kama mtu anayefuata ukuta gizani. Niliwasikia wakiingia, mama kwanza, kisha baba chini yake. Walivuta pumzi mahali pamoja. Treni ikapita, moto haukuzima, na tulipofika mwisho hakuna aliyesogea mpaka Bwana Liang alipoinua kidole. Tuliimba nyingine baada ya hapo, zile ambazo gitaa lake niliweza kulikisia na nyingine bila gitaa kabisa, mpaka zile nyundo zikatukaribia mno.

Kituoni mama alinibusu utosini, akapeana mkono na baba, na akapanda basi la Huadu. Ndipo nilipolia, kwa hasira zaidi ya huzuni, mbele ya foleni yote. Baba alisimama nami mpaka nikamaliza. Hakunihimiza.

Hawakurudiana. Mama alikaa Shiling miaka kadhaa, nami nikawa wa mabasi mawili kila mwisho wa juma, gitaa mgongoni. Mama Mdogo aliporudi kutoka Wuhan alikuta kiti chake kina mtu, akasema vizuri, sasa yeye atajifunza kuimba. Jengo lilibomolewa. Bwana Liang alitupa nakala za sidii ndani ya bahasha za khaki, na Maman Véro akabeba zake Lubumbashi, akazigawa sokoni. Mwaka uliofuata wanunuzi kutoka huko walifika kwa baba wakiwa wanauimba wimbo wa sufuria kwa namna yetu, pamoja na kosa moja dogo la gumba langu kwenye ubeti wa tatu, ambalo wao walidhani ndivyo wimbo ulivyo. Baba alisimulia hilo kwa fahari kila mahali.

Kwa miaka mingi niliihesabu safari ile ya Shiling kama jambo nililoshindwa. Nilikwenda kumrudisha mama, na sikumrudisha. Nilimwambia hivyo nikiwa mtu mzima, tukiwa nyumbani kwake Wundanyi tunachambua maharage, na nikamuuliza kwa nini basi alikubali kuja, akijua ninachokitaka na akijua hatanipa. Aliendelea kuchambua. Alisema angeweza kunikumbatia pale kwenye ngazi na kunirudisha na Maman Véro na chungwa langu, na angekuwa mama mwema.

"Lakini nilitazama vidole vyako," alisema. "Nikaona aliyekuja ni mpiga gitaa. Mpiga gitaa huwezi kumwambia arudi nyumbani. Unamuuliza tunaanza saa ngapi."